Chungu Kilichokufa Asubuhi ya Baraza

Wajukuu zangu mnaopika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kuiuza sokoni Kitshanga, juzi nilipita nyuma ya nyumba nikawaona mnaosha vibuyu na madumu kwa sabuni ya unga, povu mpaka kwenye viwiko. Nilinyamaza kwa sababu mlikuwa na wageni. Leo sinyamazi. Mikono yangu imekamua ndizi kwa zaidi ya miaka hamsini, ndizi za harusi, za matanga, za ubatizo na za mashauri ya wazee, na kama kuna neno moja ninaloweza kuwaachia kabla sijafumba macho ni hili: pombe na sabuni hazikai nyumba moja.

Najua mnacheka. Kilima kizima kinaniita Mama Sabuni, na wengine hawajui hata kwamba jina langu ni Feza. Mnadhani mnajua jina hilo lilitoka wapi. Mnajua nusu. Nusu ya pili nilimwambia babu yenu Petero peke yake, ndugu yangu wa tumbo moja, na yeye sasa amelala pale chini ya mikaratusi. Basi acheni madumu kwanza, mtayaosha baadaye, na si kwa sabuni.

Kazi hii nilifundishwa na mama mkwe wangu. Watu walimwita Mama Bauma kwa jina la mwanawe wa pekee, Bauma, ambaye ndiye aliyenioa. Alikuwa mzaliwa wa Kibua, kule Walikale, akaolewa huku juu Masisi kwenye baridi na ukungu. Kibua kuna joto, ndizi zinaiva shimoni kwa siku nne. Alipokuwa bibi harusi mgeni alihesabu siku nne zilezile huku kwetu, akawaita mawifi wote waje kukamua, akafukua shimo, na ndizi zikatoka kijani, ngumu, baridi. Mawifi walimcheka mpaka mvua za mwaka ule zikaisha. Tangu hapo hakuhesabu siku tena. Aliingiza mkono shimoni mpaka begani, akatoa ndizi moja, akaibonyeza karibu na kikonyo, akainusa.

"Acha kuhesabu, Feza," aliniambia. "Shimo haijue kama leo iko siku ya ngapi. Nusa."

Alinifundisha kutandika majani ya mgomba shimoni, kuwasha majani makavu pembeni ili joto liingie, kisha kufunika kwa udongo. Alinifundisha kuchagua nyasi za kukamulia, zile ndefu zilizokauka juani, maana nyasi mbichi zinatia pombe uchungu. Alinifundisha kukaanga mtama mpaka uwe mweusi kidogo bila kuungua. Na zaidi ya yote alinifundisha kusikiliza. Ukishachanganya maji ya ndizi na unga wa mtama, unafunika chungu kwa majani, unakiacha, na kesho yake unalaza sikio kwenye tumbo lake. Pombe ikiwa hai utasikia chwi, chwi, chwi, ya mvua ndogo inayoanza kunyesha kwenye migomba. Mama Bauma alifunga macho akisikiliza, halafu akasema, "Inasema," nasi sote tukapumua.

Kuchimba shimo ilikuwa kazi ya mwanaume. Shimo letu alilichimba Bauma mwezi tuliooana, refu kupita kawaida, kuta zake amezilainisha kwa jembe mpaka ukipitisha kiganja unaona raha. Nilimuuliza kwa nini shimo la ndizi linapendezeshwa hivyo wakati linafukiwa. Akasema, "Miye njo nilichimba. Najua iko muzuri." Mume wangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Mpaka leo nikimkumbuka, uso wake unachelewa kuja, lakini kiganja changu kinakumbuka shimo lake mara moja.

Sasa ile sabuni ya kwanza. Katika mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, masista wa misioni walinipa kipande cha sabuni kwa sababu niliwafulia mapazia. Ubibi harusi ukanipanda kichwani. Kulikuwa na ubatizo kwa jirani, tumeombwa pombe, nami nikataka watu waone kwamba nyumba ya Bauma imepata mke safi. Nikaosha kila kibuyu ndani na nje kwa sabuni. Wageni walivuta mirija, wakatazamana, wakavuta tena kwa adabu. Kisha mzee mmoja akapiga chafya na povu likamtoka puani.

Mama Bauma alicheka mpaka akakaa chini. "Leo mumebatiza mutoto," akawaambia, "na mumebatiza hata matumbo yenu."

Baadaye alinipeleka kwa majirani zetu wafugaji nikaone jinsi wanavyosafisha vyombo vya maziwa kwa moshi, kibuyu kimefunikwa juu ya majani yanayofuka, hakuna maji mengi, hakuna mbwembwe. Kipande cha sabuni kilichobaki alikichukua, akakifunga kwenye jani la mgomba, akakichomeka kwenye nyasi za paa upande wake wa nyumba. "Hii iko ya nguo," akasema. Shikeni hapo, nitaparudia.

Halafu ikaja vita ya Wazungu. Ninyi mmeona vita nyingi, mnajua zinavyofika. Ile haikufika. Ilikuwa mbali, hakuna aliyejua inagombania nini, lakini ilitushika kwa mikono mirefu. Huku juu watu walilimishwa pareto. Kule Walikale ndugu za Mama Bauma walirudishwa msituni kutafuta utomvu wa mpira, kazi ambayo baba zao walikuwa wakiisimulia kwa kunong'ona. Na waandikaji wa askari wakaja kilimani kwetu wakachukua wanaume saba. Bauma alikuwa mrefu na mwenye meno yote. Hawakumuuliza swali hata moja.

Alipelekwa Abisinia, kisha mbele zaidi, mahali ambapo hata katekista aliyetusomea barua alishindwa kupatamka. Barua zilikuwa tatu kwa jumla. Katika ya pili aliandika mambo ya mchanga na kiu, akasalimu watu wote kwa majina, halafu mwishoni akauliza kama shimo lake halijabomoka. Katekista alidhani amesoma vibaya, akarudia. Mama Bauma na mimi tulicheka tukilia.

Halikubomoka. Nililitunza mwenyewe, na lilipojaa matope ya mvua nilishuka ndani na jembe, mwanamke, watu wakaona, wakasema, wakachoka. Petero alikuja kukaa kwetu baada ya baba yetu kufariki, kijana wa miaka ishirini hivi, mwenye kelele na mwenye nguvu, akawa anakata mikungu na kuibeba. Bila yeye tusingepika. Na kwa sababu tulikuwa tukipika vizuri kuliko nyumba yoyote, wazee walianza kukutania uani kwetu.

Hapo lazima niwaeleze desturi, maana ninyi mnakunywa kila mtu na chupa yake. Wakati ule watu wanaokwenda kwenye shauri walikunywa kwanza asubuhi kutoka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Waliokunywa pamoja hawakupingana mbele ya watu mpaka jua lizame. Wakitaka kugombana, wagombane kesho. Na kabla yao alionja mpishi, ili ijulikane hakuna sumu, akamtaja kwa sauti mtu ambaye amempikia. Bila jina hilo hakuna aliyegusa mrija.

Vita vilipofika mwaka ambao tulikuwa tumeacha kusema "mwezi ujao watarudi", msimamizi wa serikali, Mzungu wa Leta kama tulivyoiita serikali, alituma neno. Hesabu ya askari wa kilima chetu haitapungua. Wakitaka wale saba warudi, wazee watoe wengine saba, wabichi, kwa majina. Wasipotaka, wale saba wakae kule mpaka vita viishe. Waje barazani wakiwa na neno moja. Wakija na maneno mawili, yeye atachukua lile linalomfaa.

Ole wetu, kilima kikapasuka. Kwenye upande mmoja alikuwa Papa Mateso, ambaye wanawe wawili walikuwa vitani. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Barudi!" alipiga kelele. "Batoto yetu balishakaa kule mingi! Bengine nao baende, ao damu ya kwangu njo maji?" Upande wa pili alikuwa Papa Lukoo, mrefu, mpole, mwenye wana watatu wazima nyumbani na hofu iliyomkondesha. "Benye balienda, Leta ilibakamata na nguvu," alijibu. "Lakini hawa, ni sisi benyewe tutabakamata? Miye nitafunga mutoto wako na kamba, weye ufunge wa kwangu? Bakae kule, vita iko karibu kuisha."

Kila mtu aliyesema neno juu ya vita alikuwa akisema juu ya mtoto fulani, na sote tulimjua mtoto huyo kwa jina. Ndiyo maana ugomvi ule haukuwa na dawa. Watu waliacha kusaidiana kupanda maharage. Kanisani walikaa pande mbili, padri alipogeuka akadhani tumeanza dini mpya. Na kwangu waliacha kunywa chungu kimoja. Waliogopa desturi: ukinywa na mpinzani asubuhi, utafungwa mdomo barazani. Ikabidi nipike vyungu viwili. Kimoja kilikaa mlangoni, cha watu wa Papa Mateso, na kingine kwenye migomba, cha watu wa Papa Lukoo. Watu wakaacha hata kusema majina. "Weye uko wa nyungu gani?" walisalimiana njiani. Mwanamume mmoja alijikuta kati, kwa kuwa mdogo wake alikuwa vitani na mwanawe nyumbani, akawa anakunywa maji tu.

Na mimi? Mimi nilikuwa na vyungu vyote viwili kifuani. Papa Mateso alikuwa ameshapanga majina. Alikuja akamwambia Mama Bauma mbele yangu, bila ubaya wowote, kama mtu anayepanga zamu ya kuchota maji: "Kwa Bauma, iko Petero. Yee hana baba wa kumusemea." Mama Bauma aliendelea kumenya ndizi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Na angesema nini? Mama hawezi kusimama mbele ya watu akasema mwanawe wa pekee asirudi. Kila mtu alijua yeye ni wa chungu cha mlangoni.

Petero aliposikia, alikuja kwenye mtumbwi wa kukamulia, mimi na mkwe wangu tukiwa tumejaa majimaji mpaka mabegani. Akasema, "Dada, nitaenda. Bauma arudi kwa muke wake. Miye sina muke, sina shamba, nani atanililia?"

Nilimchapa usoni kwa lile fungu la nyasi la kukamulia. Maji ya ndizi yakamtiririka mpaka kifuani, nyuki wakamfuata. Nikamwambia, "Nani atakulilia? Uliza tena! Uliza!" Nikamchapa mara ya pili. Kisha nikamshika kichwa nikalia kwenye nywele zake. Mama Bauma alitutazama, mikono ikiwa imesimama ndani ya ndizi, kisha akaendelea kukamua.

Jumatatu ya baraza ikakaribia. Nilipika vyungu viwili kwa siku moja, ndizi za shimo moja, mtama wa kikaango kimoja. Jumapili baada ya misa nilivisikiliza vyote, na vyote vilikuwa vikisema. Nikaenda chemchemi kuchota maji, nikapitia kwa wifi mmoja mgonjwa, nikarudi jua likiwa bado lipo. Mama Bauma alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Aliniambia nikapumzike, uso wangu umechoka. Nilishukuru nikaenda.

Asubuhi walikuja, wa Papa Mateso wakitokea juu, wa Papa Lukoo wakitokea chini, kila mtu na mrija wake mkononi. Nilifunua chungu cha mlangoni. Hakikuwa na sauti. Nililaza sikio, hakuna kitu, kimya cha jiwe. Juu kulikuwa na utando mweupe unaoteleza, na harufu ikanipiga puani, harufu ninayoijua vizuri mno. Sabuni.

Mama Bauma alikuja, akachovya kidole, akakinusa. Akapiga makofi mara moja. "Feza! Tena?"

Watu walicheka, hata wale waliokuwa na hasira. Mimi sikucheka. Nilijaribu kukumbuka kitambaa nilichotumia kufutia chungu, kama ndicho kile nilichofulia shati la Petero. Sikukumbuka vizuri, na kwa sababu nilishawahi kufanya kosa hilo, niliamini nimelifanya tena. Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Papa Mateso mwenyewe ndiye aliyelisema kwanza: "Sasa Mama Sabuni, sisi tutakunywa nini?"

Kilibaki chungu kimoja, kile cha migombani. Papa Mateso alikunja mikono. "Hatukunywe ile. Tutaenda kukauka vile." Watu wake wakaanza kutoka uani. Mtu aliyekwenda kwenye shauri bila kunywa popote alionekana hana nyumba, lakini walikuwa tayari kwa aibu hiyo.

Mama Bauma akasema, si kwa sauti kubwa, "Mupishi hajaonja bado. Mutamukatala mupishi mbele hajaonja?"

Wakasimama. Desturi ni desturi. Nilichukua mrija, nikapiga magoti kwenye chungu cha migombani, nikavuta. Pombe ile ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupika. Sasa nilipaswa kutaja jina. Nikisema Bauma, nimemtoa ndugu yangu. Nikisema Petero, nimemwacha mume wangu mchangani. Wanaume wote wa kilima, vyungu vyote viwili, walikuwa wakinitazama mdomoni.

Nikasema, "Pombe hii nilipika ya Bauma na Petero. Iko moja. Mwenye anaweza kutoa ya Bauma aache ya Petero, atoe, anywe, aende. Miye nilishindwa."

Petero alikuwa ameegemea mgomba, amefunika macho kwa mkono. Kisha Papa Lukoo akafanya jambo ambalo nitalikumbuka mpaka kaburini. Aliufuta mrija wake kwenye shati, akatembea mpaka kwa Papa Mateso, akampa. "Anza weye," akasema. "Weye uko na bawili kule."

Papa Mateso aliupokea mrija. Alikunywa akilia waziwazi, machozi yakiingia chunguni, hata nikawaza kwamba chumvi nayo itaiharibu pombe. Baada yake wakanywa wote. Na kwa kuwa walikunywa pamoja, walilazimika kutafuta neno moja njiani, na neno waliloweza kukubaliana lilikuwa moja tu: wote warudi, na hakuna mwingine atakayekwenda. Hatutaji jina.

Wanawake hatukwenda barazani. Tuliletewa habari jioni. Mkalimani alilitafsiri neno lile, Mzungu akamwambia arudie, akarudia. Mzungu akauliza nani ametunga upuuzi huo. Papa Mateso na Papa Lukoo wakatoka mbele pamoja. Akasema vizuri, basi waliopo kule watakaa kule, na hawa wawili watalima barabara ya Leta mwezi mzima. Tukawa tunawapelekea chakula. Mpaka barabarani walikuwa wakibishana, kila mmoja akidai upande wake wa mtaro ndio ulionyooka. Walitoka pale marafiki, wakazeeka pamoja, na kila waliponiona wakaniita jina lile kwa mapenzi.

Waandikaji walikuja mara moja tu baada ya hapo, wakataka majina kwa wazee, wazee wakawa viziwi. Kabla hawajarudi mara ya pili, vita vilikuwa vimekwisha.

Kati ya wale saba walirudi watano. Mwana mmoja wa Papa Mateso alirudi. Bauma hakurudi. Ilikuja karatasi, katekista akaisoma amesimama, homa, hospitali ya jeshi, mahali ambapo hakupatamka. Ikaja na blanketi. Mama Bauma aliichukua karatasi akaikunja ndogo sana. Akaenda mlangoni, akakigeuza kile chungu kilichokufa mdomo chini, na hakikugeuzwa tena kwa miaka mingi.

Sasa niwaambie jambo ambalo hamkulijua mlipokuwa mkinicheka. Kila mtu aliyeniita Mama Sabuni alinichoma. Nilipiga hesabu ileile kila siku nikikamua: kama chungu cha mlangoni kisingekufa, watu wa Papa Mateso wangekwenda na neno lao, Mzungu angelichukua kwa sababu alitaka watu wabichi, Bauma angerudi. Mimi na uzembe wangu tulimuua mume wangu. Kisha nilimtazama Petero akipita na mkungu begani akipiga mluzi, nikafurahi kwamba yupo, na furaha hiyo ikaniongezea dhambi. Sikumwambia mtu. Nilicheka pamoja nao.

Tulibaki wawili, mimi na mama mkwe, na tukapika. Watu wa kwetu walitaka nirudi nyumbani niolewe tena, nikakataa. Ilikuwa miaka mizuri, msidhani nalalamika. Tulikuwa tukienda Kibua wakati wa kiangazi kuona ndugu zake, siku nyingi za miguu, yeye mbele na fimbo, akinionyesha kila mto na kunisimulia nani alianguka humo. Kule chini alikuwa akivua vitenge viwili kati ya vitatu alivyovaa kwa ajili ya baridi yetu, akawa msichana. Nilimpenda. Hilo nalo lilikuwa linaniuma, kumpenda mama wa mtu niliyemuua.

Katikati ya miaka ya hamsini Petero akaoa, bibi yenu Mapendo, na nikaanza kumfundisha kazi. Siku moja mchana tuko watatu uani, Mapendo akachukua sabuni akaelekea kwenye vibuyu. Nikamwita, nikamwambia kaa, nikamsimulia hadithi ya jina langu, ya kuchekesha, na chafya, na povu, na ubatizo wa matumbo. Alicheka sana. Nikafika kwenye asubuhi ya baraza, nikafunua chungu, nikalaza sikio. Nilidhani nitacheka, nikatoa kilio. Nikasema mbele ya msichana yule yote niliyokuwa nimeyafungia: kwamba sabuni yangu ndiyo iliyomwacha Bauma kule.

Mama Bauma alikuwa kwenye kigoda chake, mzee sasa, akipepeta mtama. Ungo ukasimama.

"Feza," akasema. "Haikukuwa weye."

Sikuelewa.

"Weye ulienda ku chemchemi. Miye nikatoa sabuni yako ku paa, nikaikata na kisu, nikaweka yote mu nyungu ya mulango. Nikakoroga na mukono huu."

Mapendo alitaka kuondoka, nikamshika nguo asitoke, sijui kwa nini.

Nikamuuliza, "Mama, alikuwa mutoto wako mumoja tu. Juu ya nini?"

Akaweka ungo chini. "Siku ile ulimupiga Petero na majani, kisha ukamulilia. Nikaona. Nikasema, Bauma akirudi, tutakula, tutacheka, na kila siku huyu mutoto wa benyewe ataniwekea sahani mbele, na miye njo nilimuuzisha ndugu yake. Ningekula namna gani? Lakini miye ni mama. Singeweza kusema na kinywa." Akatazama mkono wake. "Sikujua kama hatarudi. Nilizani vita iko karibu kuisha. Papa Lukoo alisema iko karibu kuisha."

"Na miaka yote hii banaita miye Mama Sabuni, weye unanyamaza?"

"Niliogopa utaniacha," akasema. "Na nilikuwa nazani unacheka."

Sikujua kama nimkasirikie au nimshukuru, na niliyafanya yote mawili, mwezi mzima, nikimpikia na kumnunia. Nilimkasirikia kwa ajili ya Bauma. Nilimkasirikia kwa ajili yangu. Halafu Mapendo akajifungua, mtoto wa kwanza wa Petero, baba wa wengi wenu mnaonisikiliza, na ikabidi tupike pombe ya mtoto.

Nilikwenda mlangoni, nikakigeuza kile chungu mdomo juu. Buibui walikuwa wamejaa. Nikakifukiza kwa moshi siku mbili, nikakijaza ndizi za shimo la Bauma. Siku ya tatu nilimwita mama mkwe, macho yake yalikuwa yamefifia lakini sikio lilikuwa zima. Alilaza kichwa kwenye tumbo la chungu. Alikaa hapo muda mrefu kupita inavyohitajika kusikiliza pombe.

"Inasema," akasema.

Watu wakakusanyika, Papa Mateso na Papa Lukoo wakishikana mikono kwa sababu ya miguu yao mibovu. Wote walijua nitamtaja mtoto, ndiyo desturi ya pombe ya uzazi. Nilipiga magoti, nikavuta mrija, nikainua kichwa. Nikasema, "Pombe hii nilipika ya mama yangu," na nikamwonyesha kwa mkono ili asiwepo wa kudhani ni mwingine.

Wazee walishangaa, wakasema Mama Sabuni ameanza kuzeeka mapema. Petero na Mapendo hawakushangaa. Na yeye aliinama, akafunika uso kwa kitenge chake cha tatu.

Basi ninyi endeleeni kuniita jina hilo, siku hizi halinichomi. Ni lake. Mimi nilimvalia tu, kwa sababu mama wa Bauma asingeweza kulivaa mbele ya watu. Ila kwenye vibuyu vyangu, moshi peke yake. Sabuni ya kuwafanya ninyi mzaliwe ilishatumika yote.